Kichwa cha treni kwa makopo: Kazi mpya kwa fundi koroboi wa Matongo

KWA miaka mingi fundi bati alikuwa mtu asiyekosekana katika magulio ya vijijini wilayani Tarime na Serengeti. Ndiye aliyetengeneza koroboi, mirija ya kumiminia mafuta, vikopo vya kupimia nafaka na ndoo zilizozibwa matundu. Leo taa za sola na umeme wa vijijini vimepunguza sana wateja wa koroboi, na ndoo ya plastiki imechukua nafasi ya ndoo ya bati.

Hata hivyo, ujuzi wa kukata bati, kulikunja na kulichomelea kwa risasi bado uko mikononi mwa mafundi hao. Swali ni bidhaa gani nyingine inaweza kutoka kwenye mkasi ule ule na jiko lile lile la mkaa.

Jibu mojawapo ni kichwa cha treni cha kuchezea na cha kupamba sebule, chenye dereva wake na msaidizi wake ndani. Kwa kata kama Matongo, iliyo jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, huenda wazo hilo likashangaza, kwani Mkoa wa Mara hauna reli. Treni ya karibu iko Mwanza, ambako reli ilifika mwaka 1928, au Kisumu nchini Kenya, ambako ilifika mwaka 1901.

Lakini kitu kisichoonekana kila siku ndicho watu hupenda kukitazama. Tangu mwaka 2024, treni ya umeme ya reli ya kisasa ilipoanza kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, habari za treni zimekuwa midomoni mwa watoto na watu wazima nchini kote.

Mfano wa kuiga

Fundi anayeanza anahitaji treni halisi ya kuiga, yenye jina na historia, kwa sababu mnunuzi hulipia pia hadithi. Afrika Mashariki ina mfano mzuri: injini ya mvuke namba 5918 iitwayo Mount Gelai, iliyohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971.

Injini hiyo ni mojawapo ya 34 za daraja la 59 ambazo Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilinunua kutoka kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956. Zote zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mbili zilizosalia katika jumba hilo zina majina ya milima ya Tanzania: Gelai, ulio karibu na Ziwa Natron, na Shengena, ulio katika safu ya Upare. Injini moja ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250, na iliweza kuvuta mzigo wa tani 1,200 hivi kutoka Mombasa hadi Nairobi, safari ya kupanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600.

Siri ya nguvu hizo ilikuwa ni umbo lake. Mhandisi Mwingereza Herbert William Garratt aliibuni aina hiyo mwaka 1907. Injini yake ina sehemu tatu zilizounganishwa kwa maungio mawili yanayozunguka. Mbele kuna seti ya magurudumu iliyobeba tangi la maji. Katikati kuna chungu kikubwa cha kuchemshia maji pamoja na chumba cha dereva. Nyuma kuna seti nyingine ya magurudumu iliyobeba mafuta na maji. Kwa kuwa inajikunja kwenye maungio hayo, injini ndefu iliweza kupita kona kali za reli ya mita moja.

Kwa fundi bati, umbo hilo ni nafuu. Anatengeneza vipande vitatu vifupi, kisha anaviunganisha kwa misumari miwili. Mteja anaweza kuvitenganisha, kuvifunga kwenye boksi na kupanda navyo basi bila kuvivunja.

Kopo litoe kipimo

Kosa la wengi wanaotengeneza magari ya makopo ni kukata kwanza na kupima baadaye. Matokeo yake gurudumu huwa kubwa kuliko mlango na dereva hawezi kuingia kwenye chumba chake. Kazi ya namna hiyo humfurahisha mtoto wa fundi mwenyewe, lakini haiuziki kwa bei nzuri.

Njia rahisi ni kuliacha kopo litoe kipimo. Chungu cha Mount Gelai kina kipenyo cha mita 2.29. Kopo la kawaida la maharage lina kipenyo cha zaidi kidogo ya sentimita 7. Hivyo mfano utakuwa mdogo mara 30 hivi kuliko injini yenyewe. Maana yake ni kwamba kila sentimita 30 za injini halisi zinakuwa sentimita moja kwenye mfano. Rula ya mwanafunzi inatosha kukumbuka hesabu hiyo: urefu wote wa rula ni sentimita moja ya mfano.

Kwa kipimo hicho, injini yenye urefu wa zaidi ya mita 31 inakuwa na urefu wa sentimita 105. Nafasi kati ya reli mbili, ambayo ni mita moja, inakuwa sentimita 3.3. Magurudumu makubwa yenye kipenyo cha mita 1.37 yanakuwa sentimita 4.6. Mlango wa urefu wa sentimita 180 unakuwa sentimita 6.

Makopo mawili au matatu yakiunganishwa kichwa kwa mkia yanatoa chungu. Tangi la mbele na la nyuma yanakatwa kwenye debe la mafuta ya kula. Magurudumu makubwa yako 16, na yanaweza kukatwa kwenye tawi lililonyooka la mti mkavu au kwenye soli nene ya kandambili. Magurudumu madogo yako 12, na vizibo vya soda vilivyonyooshwa ukingo vinafaa. Spoku kuukuu za baiskeli ndizo ekseli, na nyaya nyembamba za shaba ndizo mabomba.

Yako mambo mawili ambayo mtu anayezijua treni huyatazama kwanza. La kwanza ni bomba la moshi. Injini za daraja la 59 zilifungwa bomba jembamba lililorefuka kwenda nyuma, si la duara kama la jiko. La pili ni rangi. Injini hizo zilipakwa rangi ya damu ya mzee. Fundi akipata mambo hayo mawili, pamoja na namba 5918 iliyoandikwa kwa mkono uliotulia, kazi yake itatambulika.

Dereva ndiye anayeiuza

Kopo lililopakwa rangi hubaki kopo mpaka mtu akae ndani yake. Mnunuzi ambaye hajawahi kusimama kando ya injini ya mvuke hawezi kuujua ukubwa wake. Lakini ukubwa wa binadamu anaujua. Akimwona dereva mdogo akiwa ameegemeza kiwiko dirishani, mara moja anaelewa jinsi lile dude lilivyokuwa kubwa.

Mtu wa urefu wa sentimita 170 anakuwa na urefu wa sentimita 5.7, karibu sawa na kidole gumba. Kichwa chake kisizidi milimita 8. Kiti chake kiwe na kimo cha sentimita 1.5. Inashauriwa mtu huyo atengenezwe kabla ya chumba chake, ili apimishwe mlangoni na dirishani wakati bati bado linakunjika.

Mifupa yake ni waya mwembamba wa kufungia, uliokunjwa kichwa, mikono na miguu. Juu yake huzungushwa vipande vya kitambaa chepesi vilivyolowekwa kwenye gundi ya unga wa ngano. Vikikauka vinakuwa vigumu, na vinaweza kusuguliwa kwa msasa na kupakwa rangi. Uso huchongwa kwa kisu kidogo kwenye mti laini. Mikono ikunjwe gundi ikiwa bado mbichi, maana ikishakauka hupasuka.

Hapa pana kosa la kuepuka. Wengi humpa msaidizi wa dereva koleo la makaa. Kwenye Mount Gelai koleo hilo halikuwa na kazi, kwa sababu injini za daraja la 59 zilitumia mafuta mazito. Mchochea moto alikaa kitini akiwa ameshika vali, huku akitazama rangi ya moshi na sindano ya kipimo cha mvuke. Mafuta yakizidi, moshi huwa mweusi. Kwa hiyo msaidizi atengenezwe ameketi, mkono mmoja uko kwenye vali, macho yako mbele.

Dereva naye anaweza kupewa sura inayotokana na historia. Miongoni mwa madereva wanaokumbukwa wa Mount Gelai ni Kirpal Singh, ambaye chumba chake cha injini kilisifika kwa shaba iliyong'arishwa na usafi wa hali ya juu. Kilemba kidogo cha kitambaa na mabomba ya shaba yaliyosuguliwa hadi yakang'aa vinatosha kuisimulia habari hiyo bila maneno.

Tahadhari kwa afya

Eneo la Nyamongo lina wachimbaji wadogo, na zebaki hutumika katika kukamata dhahabu. Chombo chochote kilichowahi kuwekwa zebaki, kemikali za kuchenjulia dhahabu au dawa ya mimea kisitumike hata kikioshwa. Yatumike makopo ya chakula peke yake.

Risasi ya kuchomelea nayo ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Mfano unaokusudiwa kuchezewa na mtoto uunganishwe kwa kukunja bati na kwa misumari, na upakwe rangi isiyo na risasi. Mfano uliochomelewa kwa risasi uuzwe kama pambo, na mnunuzi aambiwe hivyo waziwazi. Kingo zote zikunjwe kuelekea ndani, na kazi ya kuchomelea ifanyike nje, si jikoni.

Bei isisahau siku za kazi

Hapa ndipo wengi hupoteza. Kwa kuwa kopo limeokotwa bure, fundi hudhani kazi nayo ni bure, na huuza kwa bei yoyote inayotajwa na mteja wa kwanza. Kipimo kizuri cha kazi ni ujira wa kibarua wa siku katika kijiji chake, kwa sababu hizo ndizo fedha ambazo angezipata kama angekwenda kulima shamba la mtu.

Kwa mfano wa hesabu tu, kama kibarua hulipwa Sh5,000 kwa siku na mfano umechukua siku nne, kazi peke yake ni Sh20,000. Rangi, gundi, misumari na msasa vikigharimu Sh4,000, nauli na kuchakaa kwa zana Sh3,000, mfano umemgharimu fundi Sh27,000. Akiuza Sh15,000 ataona noti mkononi, lakini amepoteza Sh12,000. Afadhali angelima. Kila fundi aweke bei za kijijini kwake katika hesabu hiyo.

Dawa yake si kupandisha bei peke yake, bali kupunguza siku. Fundi akate violezo vya karatasi ngumu kwa kila kipande, kisha akate mifano mitano kwa mpigo: magurudumu yote siku moja, matangi yote siku nyingine, watu wote kumi siku ya tatu. Kama siku nne kwa kila mfano zitashuka hadi mbili, gharama katika hesabu ile itakuwa Sh17,000.

Msimu na soko

Kazi hii haimlazimu mkulima kuacha shamba. Kiangazi cha Julai na Agosti, kati ya masika na vuli, ndicho kipindi chenye nafasi. Ndicho pia kipindi ambacho watalii hufika kwa wingi kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kutazama nyumbu wakivuka Mto Mara. Maduka ya mapambo kwenye njia ya Mugumu kuelekea lango la Ikoma yanaweza kupokea mifano kwa mali kauli. Makubaliano ya mali kauli yaandikwe, yakitaja idadi, bei na siku ya kulipana.

Soko la pili ni shule. Mfano mmoja wenye vipimo sahihi unaweza kufundishia skeli, kipenyo na uwiano kuliko mchoro wa ubaoni. La tatu ni wafanyakazi wanaorudi makwao kutoka Nyamongo, ambao hutafuta zawadi ya mtoto isiyopatikana katika kila duka.

Fundi asianze kwa mifano ishirini. Atengeneze mmoja, auweke mezani siku ya gulio, asikilize watu wanauliza nini. Wakiuliza bei kabla ya kuuliza ni kitu gani, umbo limekubalika. Na wakiinama kumchungulia dereva dirishani, afahamu kwamba mkasi wa koroboi umeshapata kazi nyingine.