Chembe za chuma kwenye picha ya ubongo, na wauza 'nano'

Maswali ya wasomaji wa Karatu na Ngorongoro kuhusu 'dawa ya nano inayoonyesha magonjwa yote' hayaishi, na mengi yanatoka kwa watu walioshikishwa kifimbo cha mashine ya 'quantum' kisha wakapewa orodha ya magonjwa na bei ya virutubisho. Kifimbo kile hakipigi picha yoyote. Kontrasti ya kweli, yaani dawa ya kukoleza picha, huchomwa mshipani, na kwenye ubongo kazi yake kubwa ni kuonyesha mishipa ilipoanza kuvuja. Mfano wa picha inayofichua ugonjwa uko jirani, Mbulu: utafiti wa Hospitali ya Haydom uliochapishwa mwaka 2009 uliwapima kwa CT (eksirei ya tabaka kwa tabaka) watu 212 wenye kifafa, na karibu asilimia 18 walikutwa na dalili za mifuko ya tegu wa nguruwe kichwani. Kifafa si laana, na povu la mgonjwa haliambukizi. Tutalisema hili mpaka lini? Mfuko ulio hai huonekana kama tundu jeusi tu, kwa kuwa mwili haujaushtukia na mishipa ya jirani haivuji. Ukianza kufa, kinga huuvamia, mishipa hulegea, kontrasti yenye madini joto huvuja na kuuzungushia pete nyeupe.

Chembe nano za oksidi ya chuma, zinazotumika kwenye MRI (picha ya sumaku), zina tabia nyingine kabisa kwa sababu ya ukubwa wake. Mojawapo, ferumoxytol, ina kipenyo cha takriban nanomita 30, hivyo figo haziichuji. Huzunguka kwenye damu kwa saa nyingi, kisha humezwa na makrofaji, seli za kinga zinazokula taka. Picha ya kesho yake huonyesha zilikokusanyika, maana usumaku wa chuma huvuruga ishara ya maji ya jirani na kuitia weusi. Baadaye mwili hukitumia chuma hicho kutengeneza damu, na ndiyo sababu Marekani iliiidhinisha mwaka 2009 kwa upungufu wa damu wa wagonjwa wa figo, si kwa picha. Basi tuletewe hiyo, mtu atasema. Kwa figo zilizochoka hoja ina uzito, kwani tangu 2006 baadhi ya kontrasti za gadolinia zimehusishwa na kukakamaa kwa ngozi ya wagonjwa hao. Lakini mwaka 2015 ferumoxytol nayo ilibandikwa onyo kali la mzio unaoweza kuua, na kwa mifuko ya tegu, CT ya kawaida mara nyingi inatosha kuanzia. Muuza 'nano' asiyeweza kusema chembe yake inaishia wapi mwilini anauza hewa.

Kabla ya kuchomwa, taja mzio, figo na ujauzito. Kitimoto kiive, ili tegu asiingie tumboni. Ila mifuko ya ubongoni hutokana na kumeza mayai ya tegu kutoka kwenye kinyesi cha binadamu, kwa hiyo choo na kunawa mikono vinamhusu hata asiyegusa nguruwe.