KADI ZAFANANA, MASHINE HAZISIKILIZANI

Bwana Mkulima, nawe Mama Mkulima, toa kadi zote zilizomo mfukoni uzipange mezani. Kadi za benki na nyingi nyinginezo ni za kipimo kimoja: urefu milimita 85.6 na upana milimita 54 hivi. Kipimo hicho kiliwekwa na Shirika la Viwango la Kimataifa, liitwalo ISO. Kwa kuwa zalingana hivyo, wengi hudhani mashine moja yaweza kuzisoma zote. Sivyo.

Kadi yenye kibati cha rangi ya dhahabu huchomekwa ndani ya mashine. Ukiona mistari minne iliyopinda kama mawimbi, hiyo husomwa kwa kusogezwa karibu tu. Ndani yake mna waya mwembamba uliozungushwa, nao hupokea nguvu kutoka kwa mashine, ndiyo sababu kadi haihitaji betri. Tena ziko kadi za kufungulia lango la kazini, nyeupe tupu. Nyingi za zamani hutumia mawimbi ya kilohezi 125, na zile za benki megahezi 13.56. Zikikutana ni kama redio mbili zilizofunguliwa stesheni mbalimbali.

Sisi wa Kajiado tumeona jambo kama hili kwenye reli. Njia ya Magadi, ipitayo Kajiado mpaka Konza, ina upana wa mita 1. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina milimita 1,435. Behewa la magadi haliwezi kupita juu yake. Hapana budi mzigo upakuliwe na kupakiwa upya.

Lakini hata mawimbi yakiwa mamoja, taabu haijesha. Mwaka 2014 Serikali iliagiza nauli za matatu zilipwe bila fedha taslimu. Zikatokea kadi nyingi: BebaPay ya Google na benki ya Equity, iliyoanza mwaka 2013, Abiria ya benki ya KCB, My 1963, na nyingine. Kanuni iitwayo ISO 14443 yaeleza jinsi kadi na mashine zinavyosemezana hewani. Haielezi hesabu ya nauli yaandikwa wapi, wala ufunguo wa hesabu hiyo unashikwa na nani. Kila kampuni ilikuwa na daftari lake na ufunguo wake. Basi mtu wa Kitengela ashukaye Nairobi kupanda gari la pili angehitaji kadi ya pili, na fedha nyingine ndani yake. (Makondakta nao walipenda noti mkononi, tusiwasahau.) Mwaka 2015 Google ikaifunga BebaPay.

Linganisha na fedha za simu. Mwaka 2018 kampuni za simu zilikubaliana, na fedha zikaanza kutoka M-Pesa hadi Airtel Money moja kwa moja. Simu hazikubadilishwa, waliokaa kitako ni wenye madaftari.

Kwa hiyo chama chenu cha maziwa kikiletewa kadi za wanachama, usitazame uzuri wa picha iliyochapwa juu. Uliza ni mashine ya nani nyingine iwezayo kuisoma. Uliza kampuni ikifunga duka, akiba yako itarudishwa kwa njia gani na kwa siku ngapi. Nawe katibu, kabla ya kutia sahihi, yafaa mapatano yaandike kwamba daftari la wanachama ni mali ya chama, na kwamba funguo zitakabidhiwa mkataba ukiisha. Muuzaji akikataa neno hilo, mrudishie kalamu yake.

Wenye ng'ombe wajue pia kwamba hereni za masikio zenye chipu zina kanuni zao, ISO 11784 na 11785: kilohezi 134.2, na namba ya tarakimu 15. Mashine ya kadi ya benki haiwezi kuzisoma. Ukiuziwa hereni, mwambie muuzaji azijaribu mbele yako kwa mashine ya kampuni nyingine, kabla hujatoboa sikio la ng'ombe.