Deni la rafiki lina miaka 6
Katika machimbo ya Geita na Shinyanga, rafiki hukopeshwa fedha za kuendeshea duara kwa ahadi ya mdomo: mawe yakitoka, atalipa. Yasipotoka, ugomvi huanza.

Kisheria hilo ni shauri la madai. Polisi hawakusanyi madeni. Hufunguliwa mahakama ya mwanzo au ya wilaya, kutegemea kiasi. Makubaliano ya mdomo hukubalika, ila yataka mashahidi.

Sheria ya Ukomo ya 1971 inatoa miaka 6 kudai deni la mkataba. Mdaiwa akikiri kwa maandishi na kutia sahihi kabla ya muda kwisha, miaka huhesabiwa upya. Karatasi hiyo itangulie mahakama.

Itaje pia kama fedha ni mkopo au ubia: mbia hugawana hasara, mkopeshaji hudai chake.