Swali Lisilo na Mnunuzi: Fedha za Hisani katika Utafiti wa Saratani

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 waligunduliwa kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, na wapatao 350,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Wengi wao waliishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Karibu saratani zote za aina hii husababishwa na virusi vya papiloma, na chanjo dhidi ya virusi hivyo imekuwapo tangu mwaka 2006. Hapo mwanzo ilitolewa kwa dozi tatu ndani ya miezi sita. Kwa msichana anayeishi mbali na zahanati, dozi tatu ni safari tatu, na kwa Wizara ya Afya ni gharama ya mara tatu ya chupa, sindano, majokofu na posho za wauguzi.

Basi kukazuka swali jepesi kulitamka na gumu kulijibu: je, dozi moja haitoshi? Swali hili halikuwa na mnunuzi. Mtengenezaji wa chanjo hana sababu ya kibiashara ya kugharimia jaribio ambalo, likifaulu, litapunguza mauzo yake kwa theluthi mbili. Serikali nyingi za nchi zilizolihitaji jibu hazikuwa na fedha za kuendesha jaribio la miaka mingi. Katika pengo la namna hii ndipo fedha za hisani hufanya kazi ambayo fedha nyingine hazifanyi.

Dalili mojawapo ya mapema ilitoka India, na ilitokea pasipo kukusudiwa. Watafiti walikuwa wakilinganisha dozi mbili na tatu, kwa ruzuku ya Wakfu wa Bill na Melinda Gates, pale serikali ya nchi hiyo iliposimamisha utoaji wa chanjo hiyo katika tafiti zote mwaka 2010, kwa sababu zisizohusiana na utafiti wao. Wasichana zaidi ya 17,000 walikwisha kuchanjwa, na karibu 5,000 miongoni mwao wakabaki na dozi moja tu. Jambo lililoonekana kuwa mkosi likawa neema, kwani mfadhili hakuondoka. Wasichana wale waliendelea kufuatiliwa, na baada ya miaka kumi ilionekana kwamba waliopata dozi moja walikingwa karibu sawa na wenzao. Hata hivyo makundi hayo hayakuwa yamepangwa kwa bahati nasibu, na mtu makini asingeweza kubadili sera ya dunia kwa ushahidi huo peke yake.

Jaribio lililopangwa lilihitajika, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika Afrika Mashariki. Jijini Mwanza, watafiti wa Tanzania pamoja na wenzao wa London waliandikisha wasichana 930 wenye umri wa miaka 9 hadi 14, wakawagawa kwa bahati nasibu wapate dozi moja, mbili au tatu, kisha wakapima kingamwili katika damu yao. Nchini Kenya, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu na washirika wake wa Marekani waliandikisha wanawake vijana 2,275 wenye umri wa miaka 15 hadi 20 huko Kisumu, Thika na Nairobi. Wa kundi la ulinganisho walipewa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ili nao wasitoke mikono mitupu, na baadaye wakapatiwa chanjo ya papiloma pia.

Matokeo ya Kenya yalichapishwa mwaka 2022. Ndani ya miezi 18, maambukizi mapya ya aina 16 na 18 za virusi, ambazo ndizo hatari zaidi, yalionekana kwa watu 38: mmoja katika kila kundi la waliochanjwa dhidi ya papiloma, na 36 katika kundi la ulinganisho. Mwaka huohuo matokeo ya Mwanza yalionyesha kwamba miaka miwili baada ya dozi moja, karibu wasichana wote walikuwa bado na kingamwili dhidi ya aina ya 16. Desemba 2022, Shirika la Afya Duniani likaridhia dozi moja kuwa utaratibu unaofaa kwa wasichana na wanawake wa miaka 9 hadi 20. Tanzania, iliyoanza na dozi mbili mwaka 2018, iliendesha kampeni ya dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 mwezi Aprili 2024.

Jaribio la Kenya liligharimiwa hasa na wakfu huohuo wa Gates, na la Mwanza likachanganya fedha zake na za serikali ya Uingereza na za Wellcome. Neno wakfu linafaa hapa kuliko wengi wanavyodhani. Watu wa pwani wanaijua shamba la minazi lililowekwa wakfu: mali haiuzwi, mazao yake ndiyo hutumika kuhudumia kisima au msikiti. Wellcome iliundwa kwa wasia wa Henry Wellcome, tajiri wa dawa aliyefariki mwaka 1936, na hutumia pato la mali iliyowekezwa. Ndiyo maana taasisi ya aina hii inaweza kuahidi fedha za miaka mitano au kumi, ambapo mchango wa harambee huisha mara unapotumika.

Fedha hizo hazimwendei mtafiti moja kwa moja. Mtafiti huandika andiko, andiko husomwa na wataalamu wasio na maslahi nalo, na mengi hukataliwa. Likipita, kamati ya maadili ya nchi husika hulichunguza upya, kwa kuwa fedha ya mfadhili hainunui ridhaa ya mshiriki. Kisha huja matumizi yasiyo na mvuto wowote katika picha za magazeti: nauli za washiriki, mishahara ya wauguzi wa kuwatafuta waliohama, mafuta ya jenereta, majokofu ya kuhifadhia sampuli.

Kiasi kidogo nacho kimewahi kufungua mlango mkubwa. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote mbili za taya. Mwishoni mwa mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili waliendesha gari kuukuu kwa wiki kumi, maili 10,000 kuelekea kusini na kurudi, wakiuliza hospitali kwa hospitali wapi uvimbe ule unapatikana. Safari nzima iligharimu pauni 678. Wakati huo Anthony Epstein wa London, aliyekuwa amesikia mhadhara wa Burkitt, alipata msaada wa shirika la hisani la Uingereza la kupambana na saratani, mojawapo ya yale yaliyokuja kuungana kuwa Cancer Research UK, ili aende Uganda na sampuli zisafirishwe kwa ndege. Mwaka 1964 yeye na wenzake walitangaza kirusi walichokiona ndani ya seli za uvimbe huo, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Burkitt naye, kwa kukosa mashine ya mionzi, alijaribu dawa kama methotrexate na cyclophosphamide, na baadhi ya watoto walipona.

Upande wa ugunduzi wa mapema hauna sifa tupu. Katika wilaya ya Osmanabad, India, utafiti uliogharimiwa na Wakfu wa Gates ulihusisha wanawake zaidi ya 131,000, na matokeo yake ya mwaka 2009 yalionyesha kwamba kipimo kimoja tu cha virusi vya papiloma kilipunguza vifo kwa karibu nusu. Ni ushahidi wenye thamani kubwa, lakini kundi la ulinganisho halikupimwa, na wakosoaji waliuliza iwapo jambo hilo lingekubalika katika nchi tajiri. Swali hilo lilikuwa la haki. Mfadhili anayechagua swali la utafiti ana mamlaka makubwa, na kamati dhaifu ya maadili haiwezi kuyazuia.

Zaidi ya hayo, wafadhili hupenda jaribio lenye mwanzo na mwisho. Ni vigumu zaidi kumpata wa kulipia rejista ya saratani, ambayo kazi yake ni kuhesabu wagonjwa mwaka hadi mwaka, ingawa pasipo hesabu hiyo hakuna atakayejua kama chanjo imepunguza ugonjwa. Wasichana wa Mwanza waliochanjwa kuanzia mwaka 2017 sasa ni wanawake vijana. Saratani ya mlango wa kizazi huchukua miaka 15 hadi 20 kujitokeza, hivyo jibu kamili kuhusu dozi moja litapatikana katika daftari za hospitali zitakazokuwa zimeandikwa vizuri kufikia miaka ya 2030, na mishahara ya makarani wa daftari hizo bado inatafutiwa mlipaji.