Kutoka Majani Chai ya Sosiot Hadi Kisiwa cha Rusinga

Kisiwa kikubwa kilicho karibu na Sosiot, huku Kericho, ni Rusinga, ndani ya Ziwa Viktoria, kaunti ya Homa Bay, hatua chache kusini mwa ikweta. Neno kisiwa likitajwa Kericho au Bomet, mawazo hukimbilia Mombasa na Lamu. Lakini Mombasa ni zaidi ya kilomita 700, mwendo wa usiku kucha ambao mtoto wa miaka miwili hawezi kuufurahia. Rusinga ni safari ya nusu siku, na kwa familia yenye watoto wa chini ya miaka mitano, huo ndio uamuzi wa busara.

Safari yenyewe ni ya kuyafuata maji. Mvua inayonyeshea chai hujaza mito kama Kipsonoi na Yurith, mito hiyo ikaungana kuwa Mto Sondu, nao Sondu ukamwaga maji yake katika ghuba ya Winam. Barabara nayo huteremka hivyo hivyo, kutoka vilima vya karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari hadi ziwani, kwenye mita 1,134. Sweta zilizovaliwa alfajiri huanza kuvuliwa mjini Sondu. Kutoka hapo, kwa njia ya Katito au ya Oyugis, msafiri huelekea Kendu Bay, Homa Bay, kisha Mbita, ambako daraja fupi huunganisha bara na kisiwa. Mtoto anayeogopa mashua hahitaji kupanda yoyote.

Pa kuwanyooshea watoto miguu ni Simbi Nyaima, ziwa dogo la chumvi karibu na mji wa Kendu Bay. Waluo husimulia kwamba bibi kizee alifika hapo usiku kijiji kikiwa katika sherehe, akaomba hifadhi, akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemwonea huruma. Mvua ikanyesha, kijiji kizima kikazama. Watoto huuliza maswali ya hadithi hiyo hadi Mbita, hasa kama wamebahatika kuwaona heroe, ndege wa waridi wenye miguu mirefu, wakichakura ukingoni.

Wakati wa kwenda unataka hesabu. Bonasi ya majani chai hulipwa Oktoba, shule zikafungwa baada ya hapo, kwa hiyo Novemba na Desemba huipa familia nafasi na fedha pamoja. Chai haingoji, hivyo lazima abaki mtu wa kusimamia uchumaji. Kogo, yaani nyanya, afadhali asiwe yeye, kwani safarini mikono yake ndiyo itakayomshika mtoto mchanga wakati wazazi wakihangaika na mizigo. Likizo ya Aprili ina kasoro moja kubwa: kwa kawaida uvuvi wa omena, samaki wadogo wa ziwani, husimamishwa kuanzia Aprili hadi Julai, na bila omena Rusinga hukosa uzuri wake wa usiku.

Uzuri huo ni taa. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa kuwavuta kwa mwanga, zamani wa karabai, siku hizi zaidi wa taa za sola. Mwezi ukiwa haupo, mamia ya taa huelea mbali majini, zikipanda na kushuka na mawimbi, na mtoto aliyelelewa kati ya mashamba huamini ni mji. Asubuhi atawaona samaki hao hao, wadogo kama kidole chake, wameanikwa juu ya nyavu waking'aa kama fedha, huku kina mama wakiwageuza jua lisije likawakausha upande mmoja. Anayepanga safari na aangalie kalenda ya mwezi kwanza.

Mchana kisiwa kina mengine. Mwaka 1948 Mary Leakey alifukua hapa fuvu la Proconsul, nyani asiye na mkia aliyeishi miaka karibu milioni 18 iliyopita. Hapa pia ndipo alipozikwa Tom Mboya, waziri aliyeuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Jengo la kaburi lake lina umbo la risasi. Kwa wadogo kabisa, hata hivyo, kwazi akimnyakua samaki kwa kucha ni somo tosha. Chakula ni samaki. Mtoto apewe mbuta, kwa kuwa minofu yake ni minene na miiba yake mikubwa huonekana. Ngege ni mtamu lakini miiba yake huwanasa wasiozoea.

Jambo la kukatazwa ni moja, nalo ni gumu kwa watoto: kuogelea ziwani. Maji ya ukingoni yana konokono wanaobeba kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi ndani ya dakika chache, hata kwa mtoto aliyetia miguu tu. Viboko na mamba nao wapo. Maji ya kuoga yakitekwa na kukaa kwenye pipa lililofunikwa kwa siku mbili, vijidudu hivyo hufa. Ya kunywa yachemshwe. Anayetaka kwenda kisiwa cha Takawiri, chenye mchanga mweupe na minazi, asafiri asubuhi upepo haujaanza, kila mtoto awe na jaketi la kuokoa maisha linalomtosha, na abebwe kuingia na kutoka mashuani.

Malaria inahitaji uangalifu kuliko vyote. Ukanda wa ziwa una malaria mwaka mzima, ndiyo maana chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini Kenya katika kaunti hiyo ya Homa Bay, Septemba 2019. Watoto wa kando ya ziwa huumwa mara nyingi na miili yao hujifunza kupambana. Wa Sosiot, kwenye baridi yenye mbu wachache, hawana kinga hiyo. Familia ibebe vyandarua vyake vyenye dawa, watoto wavae mikono mirefu jua likizama, na ushauri wa dawa ya kinga utafutwe kwa daktari mapema.

Malaria huchukua wiki moja au zaidi kujitokeza, na kufikia hapo familia imeshasahau safari. Joto la mwili likipanda katika wiki hizo, hata usiku, mtoto apelekwe kituo cha afya mara moja, na neno la kwanza kwa mhudumu liwe kwamba alitoka ziwani, kwa sababu huku juu kila mtu hudhani ni homa ya baridi. Aliyechezea maji ya ukingoni apimwe kichocho baada ya miezi miwili hivi; tiba yake ni vidonge.