Elektroni Ndani ya Tufe la Umeme

Ukisugua kitana kikavu katika nywele kavu, kisha ukakisogeza karibu na vipande vidogo vya karatasi, vipande huruka na kunata kitanani. Kazi hiyo hufanywa na umeme. Umeme ni wa namna mbili, chanya na hasi. Vitu vyenye umeme wa namna moja husukumana. Vyenye umeme wa namna mbili mbalimbali huvutana. Shika sana kanuni hii, maana yote yatakayofuata yanaitegemea.

Mwaka 1897 J. J. Thomson, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Cambridge huko Uingereza, alionyesha ya kuwa ndani ya atomi mna chembe ndogo mno zenye umeme hasi. Chembe hizo huitwa elektroni. Lakini jiwe au mti haushtui mtu anayeugusa. Basi yapasa katika atomi uwemo pia umeme chanya wa kulingana na ule hasi. Je, umekaaje? Mwaka 1904 Thomson alitoa wazo hili: atomi ni tufe, umeme chanya umeenea sawasawa mahali pote ndani yake, na elektroni zimo humo kama mbegu katika tikiti maji.

Hapo likazuka swali. Elektroni husukumana, mbona hazikimbilii nje zote? Tena tufe huzivuta kuelekea kati. Mbona hazirundikani pamoja?

Tuanze na elektroni moja. Hiyo hukaa kati kabisa, maana pale huvutwa pande zote kwa nguvu sawa. Ukiisogeza kando, hurudishwa, na kadiri inavyokwenda mbali na kati ndivyo mvuto unavyozidi. Sababu yake ni hii. Fikiri tufe kuwa kama kitunguu, ganda juu ya ganda. Maganda yaliyo nje ya elektroni huivuta huku na huku, na mivuto yao hutanguana kabisa. Yaliyo ndani tu ndiyo yanayoivuta, kana kwamba umeme wao wote umekusanyika kati. Isaac Newton alithibitisha kanuni kama hiyo juu ya mvuto wa uzito katika kitabu chake cha mwaka 1687.

Sasa tia elektroni mbili katika tufe ambalo umeme wake chanya ni kipimo cha elektroni mbili. Zitasimama kukabiliana, kila moja nusu ya njia toka kati hata ukingoni. Tuhakikishe kwa hesabu. Sehemu ya tufe iliyo ndani ya nusu ya njia ni moja katika nane, kwa kuwa nusu mara nusu mara nusu ni moja ya nane. Moja ya nane ya vipimo viwili ni robo ya kipimo. Basi elektroni huvutwa kuelekea kati na robo ya kipimo. Elektroni ya pili ni kipimo kizima, walakini umbali wake ni mara mbili, na nguvu ya umeme hupungua mara nne umbali ukizidi mara mbili. Basi nguvu yake ya kusukuma nayo ni sawa na robo. Robo huvuta ndani, robo husukuma nje, elektroni hutulia.

Zikiwa tatu, hukaa kwenye pembe za pembetatu yenye pande sawa. Nne hufanya umbo la piramidi lenye nyuso nne za pembetatu. Sita hukaa hivi: nne kwenye pembe za mraba, moja juu na moja chini. Zikizidi kuwa nyingi, nyingine huingia ndani na kufanya safu ya pili.

Jambo linalofanana na hili laweza kuonekana kwa macho. Mwaka 1878 Mmarekani Alfred Mayer alichoma sindano za sumaku katika vizibo, ncha za namna moja zikielekea juu, akavieleza majini, kisha akashika juu yake sumaku kubwa yenye ncha ya namna nyingine. Sindano tatu zikafanya pembetatu, nne zikafanya mraba. Sita zikafanya duara la tano na moja katikati.

Walakini wazo zuri sharti lijaribiwe. Mwaka 1909, huko Manchester, Hans Geiger na Ernest Marsden walirusha chembe za umeme chanya kwenye bati jembamba sana la dhahabu. Nyingi zilipita, ila chache zilirudi nyuma. Umeme ulioenea katika atomi nzima ni hafifu mno, hauwezi kurudisha chembe hizo. Kwa hiyo mwaka 1911 Ernest Rutherford alieleza ya kuwa umeme chanya umekusanyika katika kiini kidogo sana. Rutherford alikuwa mwanafunzi wa Thomson.

Tufe la Thomson basi si picha ya atomi. Lakini hesabu yake juu ya tufe la namna hiyo ni kweli hata leo. Mwanafunzi hamheshimu mwalimu wake kwa kukariri tu, bali kwa kupima aliyofundishwa.

Maswali
1. Kwa nini maganda ya nje hayaivuti elektroni iliyo ndani yake?
2. Elektroni ikiwa robo ya njia toka kati, ni sehemu gani ya tufe inayoivuta?
3. Chembe zilizorudi nyuma zilifundisha nini?