Gari la mbio, tairi la bei nafuu: linafaa?

Gari la mbio lililotumika Japan hushuka bei kila mwaka, lakini bei ya matairi yake haishuki nalo. Kijana wa Nairobi aliyejibana hadi akanunua Subaru Impreza WRX, au mwenzake wa Dar es Salaam mwenye Toyota Mark X, huligundua hilo siku matairi yanapobaki vipara. Gari alilipata kwa sehemu ndogo ya bei yake ya upya. Seti ya matairi manne ya kampuni kubwa, hata hivyo, atalipa sawa na mwenye gari jipya. Pembeni, duka hilohilo lina seti nyingine ya saizi ileile kwa bei ya chini sana. Muuzaji anasema yote ni mpira tu. Fundi anasema rahisi ni ghali. Achukue ipi?

Zamani uchaguzi ulikuwa mfupi. Nairobi ilikuwa na kiwanda kilichotoa matairi ya Firestone na baadaye Yana, na Arusha ilikuwa na General Tyre. Cha Arusha kilisimama, na cha Nairobi kikaacha uzalishaji mwaka 2016. Sasa soko linategemea shehena za kutoka nje, nyingi zikitoka China, na majina ni mengi kiasi kwamba hata wauzaji huyachanganya. Kuuliza kama tairi ni la China au la Japan hakumfikishi mnunuzi mbali, kwa kuwa hata Michelin na Bridgestone wana viwanda China. Ni afadhali ainame asome ubavu wa tairi lenyewe.

Chukua maandishi 205/55R16 91V. Namba za mwanzo ni saizi: upana wa milimita 205, kimo cha ubavu asilimia 55 ya upana huo, rimu ya inchi 16. Namba 91 ni uzito: kila tairi linaweza kubeba kilo 615. Herufi V ni kasi ya juu kabisa, kilomita 240 kwa saa. H ni 210, T ni 190, W ni 270. Kitabu cha gari, na mara nyingi kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, husema gari linahitaji nini. Tairi la T kwenye gari lililoundwa kwa W halifai, hata likitolewa bure.

Utasikia kwamba herufi hizo hazina maana huku, kwa kuwa Kenya gari binafsi haliruhusiwi kuzidi kilomita 110 kwa saa hata kwenye barabara kuu. Hoja hiyo ina kasoro. Tairi la daraja la juu limejengwa listahimili joto na mikunjo mikubwa zaidi, na mambo hayo mawili humkuta dereva hata akiwa ndani ya sheria: lami ya mchana wa Februari, kona ya ghafla, breki ya dharura huku gari likiwa na abiria watano.

Kuna namba nyingine inayowaponza wengi, ile iliyoandikwa TREADWEAR. Mnunuzi akiona 500 hufurahi kwamba tairi litadumu, na kweli huenda likadumu. Lakini kwa kawaida mpira unaochelewa kuisha ni mgumu, na mpira mgumu haung'ang'anii lami kama ule laini. Ndiyo maana matairi mengi ya spoti huwa na namba ndogo zaidi. Tofauti ya bei imejificha hapa, kwenye mchanganyiko wa mpira: kiasi na ubora wa silika inayosaidia tairi kushika barabara yenye maji, na miaka ya majaribio iliyotumika kuupata mchanganyiko huo. Kashata, yaani michoro ya tairi inayogusa lami, zinaweza kuigwa kwa macho. Mchanganyiko hauigiki hivyo.

Matokeo yake yapime kwa hesabu ya mfano. Magari mawili yanakwenda kilomita 100 kwa saa kwenye mvua, na yote yanashika breki sehemu moja. La kwanza linasimama baada ya mita 40, la pili baada ya mita 48. Mita nane zinaonekana kidogo. Lakini pale la kwanza liliposimama, la pili bado linakwenda karibu kilomita 40 kwa saa. Turbo haipunguzi mwendo huo. Hata nguvu ya kusukuma magurudumu yote manne, fahari ya wenye Subaru, husaidia gari kuondoka. Kusimama ni kazi ya breki na matairi.

Mfumo huo wa magurudumu manne una sharti lake pia. Wenye haraka hununua mawili mapya ya bei nafuu na kuyachanganya na mawili ya zamani. Tairi jipya lenye kashata za milimita 8, likiwekwa na lililobaki na milimita 3, hutofautiana nalo mzingo kwa takribani milimita 31. Subaru hushauri tofauti isizidi kama milimita 6. Ikizidi, difu ya kati inafanya kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka, inachemka, na siku ya kuitengeneza fedha iliyookolewa kwenye matairi haitatosha. Kwa gari la aina hii, matairi manne yanayofanana ya bei ya kati ni bora kuliko mawili ya bei ya juu.

Mtego mwingine ni tairi la mtumba lenye jina kubwa. Tazama namba nne za mwisho za msimbo wa DOT: 2317 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Mpira hukauka hata tairi likiwa stoo, na kashata nene hazionyeshi hilo. Kati ya jina kubwa lililozeeka na tairi jipya la bei nafuu lenye daraja sahihi, chukua jipya.

Ipo njia nyingine ambayo wengi hawaijaribu kwa sababu ya urembo: punguza rimu. Tairi la 225/45R17 na la 205/55R16 hutofautiana kipenyo kwa chini ya milimita 3, na mara nyingi lile la inchi 16 ni nafuu, hivyo fedha ileile inaweza kununua mpira bora. Hakikisha kwanza kwamba uzito na kasi vinakidhi, na kwamba rimu inapita juu ya breki. Impreza STI yenye breki za Brembo haikubali inchi 16.

Basi linafaa au halifai? Kwa mwenye Mark X anayekwenda kazini na kurudi, tairi jipya la bei nafuu linafaa, mradi herufi na namba zitimie, yote manne yafanane, na ajue kwamba gari lake sasa lina uwezo wa tairi hilo, si ule ulioandikwa kwenye injini. Kwa anayekwenda Naivasha au Morogoro usiku wa mvua akiitumia nguvu yote aliyoinunua, halifai. Asiyeweza kulipia matairi yanayolistahili gari hilo angoje kwanza kabla ya kulinunua, au achukue lenye injini ndogo.